Floraidi kwenye mazao ya chakula: mwongozo kamili wa kuipunguza kuanzia kisimani hadi sufuriani

Mchicha uliomwagiliwa maji yenye floraidi nyingi (madini ambayo yakizidi mwilini huharibu meno na mifupa) hauna tofauti ya kuonekana na ule wa maji ya mvua. Haunyauki, haubadiliki rangi, hauna harufu wala ladha ngeni. Maji yenyewe huwa maangavu na matamu. Kwa hiyo jicho na ulimi haviwezi kukupa habari yoyote ya maana hapa, na hatua nyingi za mwongozo huu ni za kupima na kupiga hesabu kabla hujashika jembe.

Floraidi huingia kwenye chakula kupitia milango mitatu. Wa kwanza ni mizizi: mmea unanyonya floraidi iliyoyeyuka udongoni. Wa pili ni juu ya mmea: maji yanayonyunyiziwa hukaukia kwenye majani na kuacha floraidi hapo, na vumbi na udongo hunata. Wa tatu ni sufuria: maji yaleyale ya kisima yanapikia chakula. Wakulima wengi huhangaika na mlango wa kwanza tu, tena kwa gharama kubwa, wakati kwa mazao mengi mlango wa tatu ndio unaoingiza floraidi nyingi kuliko yote, na wa pili unaufuata. Tutapita yote mitatu, lakini mpangilio huo wa uzito usikutoke akilini.

Kwa nini maji mengine yana floraidi nyingi

Floraidi hutoka kwenye miamba, hasa ya volkano na itale. Maeneo yanayojulikana sana kwa tatizo hili ni Bonde la Ufa la Afrika Mashariki (Ethiopia, Kenya na Tanzania), majimbo ya Rajasthan na Andhra Pradesh nchini India, na sehemu za kaskazini mwa China. Kinachoamua kama floraidi itabaki ndani ya maji ni kalsiamu. Vitu hivi viwili vikikutana kwa wingi huungana na kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, nayo hutuama. Maji yenye kalsiamu ya miligramu 8 tu kwa lita yanaweza kubeba floraidi ya miligramu 6 au 7 kwa lita bila kutuama. Kalsiamu ikifika miligramu 80, kikomo hicho hushuka hadi karibu na 2. Hizi ni hesabu za kemia ya maji safi, na shambani kikomo huwa juu kidogo kwa sababu ya chumvi nyingine, ila mwelekeo ni huohuo.

Maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo, mara nyingi ni maji laini, yenye sodiamu na bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo. Sabuni hutoa povu jingi kwa urahisi. Watu huyapenda kwa kufulia. Maji ya aina hiyo yakimwagwa shambani miaka mingi huleta matatizo mawili pamoja: floraidi inaongezeka, na udongo unajaa sodiamu, unapanda pH (kipimo cha tindikali: ikishuka tindikali ni nyingi, ikipanda ni kidogo) na kupoteza kalsiamu ambayo ingeifunga floraidi hiyo.

Hatua ya 1: Pima maji, na uyapime vizuri

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo, kwa kuwa floraidi inaweza kuathiriana na kioo na kuharibu kipimo. Washe pampu dakika 10 hadi 15 ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi juu, ifunge, uandike tarehe, saa na mahali. Kwa mto au mfereji, chota katikati ya mkondo, chini kidogo ya uso wa maji. Sampuli ya floraidi hukaa hadi siku 28 bila kuharibika, kwa hiyo umbali wa maabara si kisingizio.

Pima mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi na katikati ya mvua. Mito na visima vifupi hubadilika sana kati ya misimu hiyo. Kipimo kimoja cha wakati wa mvua kinaweza kukudanganya mwaka mzima.

Omba maabara ipime floraidi kwa elektrodi maalumu ya floraidi. Vipimo vya kubadilisha rangi vinavyotumika uwanjani vinafaa kwa uchunguzi wa haraka, ila alumini na bikaboneti nyingi huvipotosha. Pamoja na floraidi, omba pH, uwezo wa maji kupitisha umeme (ndio unaoonyesha chumvi), kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na bikaboneti. Bila vipimo hivyo vya ziada huwezi kupanga dozi ya jasi, yaani madini meupe yanayoleta kalsiamu udongoni, tutakayoizungumzia hapo chini.

Viwango vya kulinganisha ni hivi. Maji ya kunywa na kupikia: Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya kumwagilia kwa muda mrefu kwenye udongo wa aina yoyote: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linapendekeza miligramu 1. Kuna mwongozo wa Marekani unaokubali hadi miligramu 15 kwa udongo mzito usio na tindikali, kwa muda usiozidi miaka 20. Kiwango hicho hunukuliwa ovyo. Kimejengwa juu ya dhana kwamba udongo una mfinyanzi na kalsiamu ya kutosha kuifunga floraidi. Kwenye udongo wa kichanga, au uliokwisha kujaa sodiamu, dhana hiyo haisimami.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo unaouweka shambani

Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Zao linalomwagiliwa milimita 500 kwa msimu hutumia mita za ujazo 5,000 kwa hekta. Kama maji yana floraidi ya miligramu 5 kwa lita, kila mita ya ujazo inaleta gramu 5, na msimu mzima unaleta kilo 25 za floraidi kwa hekta.

Udongo wa juu wa sentimita 20 kwenye hekta moja una uzito wa takriban tani 2,600. Kilo 25 zikibaki zote humo, kila kilo ya udongo inaongezewa karibu miligramu 10. Udongo wa kawaida tayari una floraidi ya jumla ya miligramu 150 hadi 400 kwa kilo, karibu yote ikiwa imefungwa ndani ya madini na haidhuru mtu. Shida ni kwamba hii mpya inaingia ikiwa imeyeyuka, na ikikosa kalsiamu au mfinyanzi wa kuishika, inabaki mahali mizizi inapoifikia. Misimu kumi ya namna hiyo ni miligramu 100 za ziada kwa kila kilo ya udongo.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini kuchuja maji ya shamba hakuwezekani. Mkaa wa mifupa, ambao ni kichujio kizuri cha nyumbani, kwa makadirio ya tahadhari hushika gramu 2 za floraidi kwa kilo. Kuondoa kilo 25 kungehitaji tani 12.5 za mkaa huo kwa hekta moja, kila msimu. Ukikutana na anayekuuzia kichujio cha shamba zima, mpe hesabu hii aijibu.

Hatua ya 3: Chunguza udongo

Chota udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kupita shamba kwa mtindo wa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini. Rudia kwa kina cha sentimita 20 hadi 40 ukiweka kando. Kisha fanya kitu ambacho wengi hukiruka: chukua sampuli nyingine kwenye kipande cha jirani chenye udongo wa aina hiyohiyo ambacho hakijawahi kumwagiliwa. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganishia. Bila hicho utapata namba isiyokuambia kama floraidi imeletwa na maji yako au ilikuwapo tangu mwanzo.

Omba floraidi inayoyeyuka kwenye maji, si ya jumla peke yake. Floraidi ya jumla inahesabu hata ile iliyofungwa kwenye mawe. Omba pia pH, na sodiamu na kalsiamu zinazoshikwa na udongo.

Maana ya pH ni hii. Floraidi hushikwa vizuri zaidi na udongo pH ikiwa karibu na 6 hadi 6.5. Ikishuka chini ya 5.5, alumini inayeyuka, inaungana na floraidi, na muunganiko huo hupita mizizini kirahisi zaidi. Ikipanda juu ya 8, floraidi iliyokuwa imeshikwa huachiliwa tena. Kwa hiyo kuna njia mbili za kukosea, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Wakati unasubiri majibu, fanya jaribio moja la glasi. Jaza glasi maji ya mvua. Chukua punje ya udongo mkavu ukubwa wa harage, iteremshe taratibu bila kukoroga, uiache saa mbili. Udongo wenye afya utamegeka vipande lakini maji yatabaki maangavu. Udongo uliojaa sodiamu unatoa wingu kama maziwa kuzunguka punje, linapanuka, na hata kesho yake maji hayajatulia. Ukiona wingu hilo, jua udongo wako umejaa sodiamu na huenda umeanza kuachilia floraidi, na jasi ndiyo dawa yake.

Hatua ya 4: Pima mmea wenyewe, kwa jozi

Chuma mimea 10 hadi 15 iliyokomaa kutoka sehemu mbalimbali. Gawanya kila sampuli mara mbili: nusu moja ioshe kwa maji ya mvua mara tatu, nusu nyingine usiioshe kabisa. Tenga majani makuukuu, majani machanga na sehemu inayoliwa. Kausha kwa joto la sentigredi 60 hadi 70, upeleke maabara.

Tofauti kati ya kilichooshwa na kisichooshwa ndiyo habari yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi hii. Ikiwa kisichooshwa kina floraidi maradufu, tatizo lako ni mlango wa pili: maji ya juu ya majani, udongo ulionata, au vumbi na moshi wa tanuri za matofali na viwanda vya alumini au mbolea ya fosfeti. Hapo kutibu udongo ni kupoteza fedha. Ikiwa zinakaribiana na zote ziko juu, tatizo limo ndani ya mmea, yaani limepitia mizizi.

Soma majibu kwa uangalifu. Maabara hutoa namba kwa kilo ya uzito mkavu. Mboga za majani ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo miligramu 30 kwa kilo ya uzito mkavu ni miligramu 3 kwa kilo ya mboga mbichi, na mlo wa gramu 150 unaleta miligramu 0.45. Watu wameshtuka na kung'oa bustani nzima kwa kutojua tofauti hii.

Dalili za majani, je? Zipo: ncha na kingo hukauka zikawa kahawia, wakati mwingine zikiwa na mstari mweusi-mwekundu unaotenganisha sehemu iliyokufa na iliyo hai. Hutokea kwa sababu maji hupanda kwenye jani, huvukia, na kuiacha floraidi mwisho wa safari, yaani nchani. Lakini chumvi nyingi, ukame na upungufu wa potasiamu hutoa sura inayofanana, na mazao mengi hubeba floraidi bila dalili yoyote. Usitibu kwa kutazama.

Hatua ya 5: Panga mazao kulingana na maji uliyonayo

Mizizi ina ukuta wa ndani unaozuia sehemu kubwa ya floraidi isipande. Ndiyo maana, kwa kawaida, floraidi huwa nyingi kwenye mizizi, hupungua kwenye majani, hupungua zaidi kwenye matunda, na huwa kidogo kabisa kwenye mbegu. Mpangilio wa mazao ufuate hapo.

Maji yenye floraidi nyingi yapeleke kwenye mahindi, mtama, alizeti, maharage ya kukausha na mazao ya matunda kama nyanya na pilipili. Maji bora, hata yakiwa machache, yahifadhi kwa mboga za majani na mazao ya mizizi. Mizizi kama karoti, viazi na mihogo imenye maganda, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichonyonywa na ya udongo ulionata iko kwenye ganda.

Chai ni mfano wa kipekee. Mmea huu hupenda udongo wa tindikali na hukusanya floraidi kwa makusudi ya kimaumbile hata pasipo na maji mabaya. Majani makuukuu yanaweza kuzidi miligramu 1,000 kwa kilo. Chai ya matofali, inayotengenezwa kwa majani yaliyokomaa na vijiti, imesababisha ugonjwa wa mifupa kwa watu wa Tibet wanaoinywa kwa wingi. Chai ya majani machanga huwa na floraidi kidogo zaidi, lakini ukiichemsha kwa maji ya kisima chenye floraidi unaongeza juu ya iliyokuwapo.

Mabua na majani yanayobaki shambani yakilishwa mifugo, kumbuka kuwa mnyama naye anakunywa maji hayohayo. Kikomo kinachotumika kwa ng'ombe wa kuzaa ni takriban miligramu 40 za floraidi kwa kilo ya chakula kikavu.

Hatua ya 6: Badilisha namna ya kumwagilia

Acha kunyunyizia juu ya mboga za majani. Kila lita ya maji yenye miligramu 8 inayokaukia juu ya majani huacha miligramu zote 8 palepale, kwa kuwa floraidi haivukii. Mmea ambao mizizi yake ingezuia floraidi vizuri hupoteza kinga hiyo yote kwa kumwagiwa kichwani. Tumia matone, au mifereji kati ya matuta. Kama huna vifaa, chupa ya plastiki iliyotobolewa na kufukiwa karibu na shina inafanya kazi hiyo kwenye bustani ndogo.

Ikiwa ni lazima kunyunyizia, fanya alfajiri au usiku, matone makubwa, muda mrefu kwa mkupuo mmoja badala ya mara nyingi kidogo kidogo. Kulowanisha majani mara kumi na kuyaacha yakauke mara kumi ndiyo njia mbaya kuliko zote. Siku mbili kabla ya kuvuna, suuza mimea kwa maji ya mvua.

Weka matandazo ya majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8. Yanapunguza uvukizi, hivyo maji mabaya unayohitaji yanapungua, na yanazuia matone ya mvua kurusha matope kwenye majani ya chini. Gramu moja ya udongo iliyonata kwenye mboga hubeba karibu miligramu 0.3 za floraidi, ingawa si yote itakayoingia mwilini.

Kuchanganya maji kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maji ya kisima yenye miligramu 6 yakichanganywa na ya mvua, ambayo kwa kawaida yana chini ya 0.1, kwa kipimo cha kisima 1 na mvua 2, yanashuka hadi miligramu 2. Kufika 1 unahitaji kisima 1 kwa mvua 5 na nusu.

Na mvua hutosha bustani ya nyumbani. Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 600 kwa mwaka, ukipoteza asilimia 20 kwa kumwagika na uvukizi, linatoa lita 28,800. Bustani ya mboga ya mita za mraba 20 inahitaji karibu lita 100 kwa siku wakati wa jua. Hizo ni siku 288. Gharama iko kwenye tangi, kwa hiyo hesabu siku za kiangazi pekee kabla ya kuchagua ukubwa.

Hatua ya 7: Rudisha kalsiamu udongoni

Hapa ndipo makosa ya gharama hufanyika, kwa sababu jasi na chokaa huonekana sawa, nyeupe zote mbili, na hufanya kazi zinazopingana. Jasi inaleta kalsiamu bila kupandisha pH. Chokaa inaleta kalsiamu na kupandisha pH. Udongo wa pH 8.5 ukiutia chokaa au majivu unauongezea ugonjwa: floraidi iliyokuwa imeshikwa inaachiliwa. Udongo wa pH 5 ukiutia jasi peke yake hautoki kwenye tindikali, na alumini inaendelea kuipitisha floraidi mizizini. Huo ndio unaohitaji chokaa, hadi pH ifike 6 au 6.5, usipite hapo.

Kuzitofautisha mkononi: jiwe la jasi hukwaruzika kwa ukucha. Kisha ponda kidogo, udondoshee siki au ndimu. Mawe ya chokaa yatatoa povu. Jasi itatulia tu. Povu kidogo maana yake ni mchanganyiko.

Dozi ya udongo hupigwa hivi: kwa kila milikwivalenti 1 (kipimo cha kemia ambacho maabara huandika meq) ya sodiamu kwa gramu 100 za udongo unayotaka kuiondoa, katika kina cha sentimita 20, unahitaji tani 2.2 za jasi safi kwa hekta. Tuseme sodiamu ni 4 na unataka ibaki 2. Tofauti ni 2, kwa hiyo tani 4.4. Jasi yako ikiwa safi kwa asilimia 80, gawanya kwa 0.8, unapata tani 5.5 kwa hekta. Kwenye bustani ya mita za mraba 20 hiyo ni kilo 11.

Saga iwe laini, punje zisizidi milimita 2. Tandaza sawasawa, changanya na udongo hadi sentimita 10 au 15, muda mfupi kabla ya mvua kubwa. Mvua inayeyusha jasi, kalsiamu inachukua nafasi ya sodiamu, na sodiamu inashushwa chini na maji. Sehemu hiyo ya mwisho haiepukiki: pasipo maji ya kushusha sodiamu, wala njia ya maji kutoka, umeongeza chumvi tu. Kama sentimita 40 chini kuna tabaka gumu lisilopitisha maji, livunje au chimba mtaro wa kutolea maji kwanza. Na kama kisima cha kunywa kiko chini ya mteremko wa shamba, maji unayoyashusha yanaweza kukifikia. Fikiria hilo kabla hujaanza.

Maji yenyewe nayo yanahitaji jasi kila msimu. Chukua majibu ya maabara kwa milikwivalenti kwa lita, jumlisha kaboneti na bikaboneti, toa jumla ya kalsiamu na magnesiamu. Jibu likiwa chini ya 1.25, maji ni salama kwa udongo, likizidi 2.5, yataharibu udongo usipoyatibu. Kushusha jibu hilo kwa 1 unahitaji kilo 86 za jasi safi kwa kila mita za ujazo 1,000. Kwa msimu wa mita za ujazo 5,000, ni kilo 430 kwa hekta.

Kuwa mwangalifu na jasi inayotokana na viwanda vya mbolea ya fosfeti. Ni ya bei nafuu lakini huja na floraidi ndani yake.

Hatua ya 8: Kagua mbolea

Mwamba wa fosfeti una floraidi ya asilimia 2 hadi 4, na superfosfeti ya kawaida asilimia 1 hadi 2. Kilo 200 za superfosfeti yenye asilimia 1.5 zinaleta kilo 3 za floraidi kwa hekta. Linganisha na kilo 25 za floraidi zinazoletwa na maji: mbolea si adui mkuu, na kuacha kuitumia kabisa kutakunyima mavuno bure. Itumie kwa kipimo cha majibu ya udongo, usizidishe. Unga wa mifupa wa mifugo iliyokulia eneo la floraidi ni jambo jingine. Mifupa ndipo floraidi inapojikusanya, usiutie bustanini.

Samadi iliyooza na mboji ni nzuri, hasa kwa kufungua udongo uliogandamana kwa sodiamu. Majivu ya jikoni yaweke mbali na udongo wenye pH ya juu. Mkaa wa mifupa uliokwisha kutumika kwenye kichujio, na tope linalobaki baada ya kusafisha maji kwa shabu na chokaa, vifukie mbali na bustani na kisima. Vyote viwili vimejaa floraidi ileile uliyoitoa.

Hatua ya 9: Sufuria

Weka namba pamoja. Gramu 400 za nafaka zenye floraidi ya miligramu 1 kwa kilo zinaleta miligramu 0.4. Mboga za hesabu yetu, 0.45. Sasa pika kilo moja ya unga kwa lita 2.5 za maji yenye miligramu 4 kwa lita: umeingiza miligramu 10 kwenye chungu kimoja. Mtu mzima akinywa lita 2 za maji hayo anaongeza 8. Msimu mzima wa kazi shambani unaweza kufutwa na ndoo moja ya maji jikoni.

Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, kikomo cha siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni miligramu 1.3, wa miaka 4 hadi 8 ni 2.2, na kuanzia hapo 10. Glasi moja ya robo lita ya maji yale humpa mtoto miligramu 1 kabla hajala chochote. Meno ya kudumu hujengwa ndani ya taya hadi karibu miaka 8, na madoa yanayotokea wakati huo hayafutiki. Kama maji salama ni kidogo, mtoto apewe kwanza: ya kunywa, ya uji, ya maziwa ya kopo. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata mama anapokunywa maji hayo.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Lita 3 za miligramu 4 zikichemshwa zikabaki lita 1, hiyo moja ina miligramu 12. Osha mboga kabla ya kukata, mara tatu, ukitumia maji salama angalau mara ya mwisho. Magadi ya kulainishia maharage ni chanzo kinachosahaulika: mengine yana zaidi ya miligramu 1,000 za floraidi kwa kilo, na gramu 5 za namna hiyo zinaleta miligramu 5 chunguni. Loweka maharage usiku kucha kwenye maji salama, magadi yaache.

Ukitumia kichujio cha mkaa wa mifupa kwa maji ya kunywa na kupikia, kihesabie umri. Kilo 10 za mkaa, kwa gramu 2 kwa kilo, hushika gramu 20. Kushusha maji kutoka miligramu 8 hadi 1 ni kuondoa 7 kwa lita, kwa hiyo kinasafisha takriban lita 2,850. Familia inayotumia lita 30 kwa siku itakimaliza kwa siku 95 hivi. Mkaa uliochoka hautoi dalili; maji yanaendelea kutoka maangavu yakiwa na floraidi yote. Pima yanayotoka kila mwezi, na kuanzia siku ya 70 kila wiki.

Ratiba ya kufuatilia

Floraidi ya udongo haishuki kwa msimu mmoja. Kinachobadilika haraka ni mlango wa pili na wa tatu: ukiacha kunyunyizia juu na ukabadilisha maji ya kupikia, mavuno yanayofuata na chungu cha leo vitaonyesha tofauti. Pima mboga zilizooshwa na zisizooshwa tena baada ya msimu mmoja wa matone. Jaribio la glasi lirudie kila baada ya mvua kubwa, palepale ulipochota mara ya kwanza. Maabara ya udongo, baada ya miaka miwili, kwa kina kilekile na pamoja na kipande kisichomwagiliwa. Floraidi inayoyeyuka ikiwa imepungua juu lakini imepanda kwenye sentimita 20 hadi 40, maji yanaishusha lakini haijatoka kwenye eneo la mizizi. Kagua mtaro wa kutolea maji kabla ya kununua jasi nyingine.